Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge la Taifa: vifungu vya 162 na 165 vimekuwa mtaji wa wanyang'anyi

Kwa:
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Taifa,
Nairobi.

KUH: KUONDOLEWA KWA VIFUNGU VYA 162(a), 162(c) NA 165 VYA KANUNI YA ADHABU, SURA YA 63, VINAVYOADHIBU MAPENZI YA WANAUME KWA WANAUME

Waheshimiwa,

Mimi ni mwanamke wa Kisauni, Mombasa, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni kushona nguo. Sijapata kuandika barua ya hadharani. Naandika hii kwa sababu nimeshaandika tatu za faragha na hakuna iliyojibiwa. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu katika kituo cha polisi ambacho sitakitaja. Ya pili niliipeleka ofisi iliyo juu ya kituo hicho. Ya tatu nikaituma Nairobi. Nakala zote zina mhuri wa kupokelewa, nimeziweka kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Huu ni mwezi wa kumi na moja nikisubiri jibu.

Mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni mama akienda sokoni, anapenda wanaume wenzake. Nyumbani tunalijua tangu alipokuwa na miaka 19. Ni fundi wa friji. Mwaka jana alialikwa chumbani kwa mtu waliyejuana kwa simu wiki tatu nzima. Alipoketi tu, mlango ukafunguliwa wakaingia watu wanne. Wakamvua shati, wakampiga picha, wakamlazimisha kubonyeza namba yake ya siri, na shilingi 23,400 zilizokuwa kwenye M-Pesa zikahamishwa huku akiangalia. Kisha mmoja wao akamwambia kwa utulivu kabisa: "Ukienda polisi tutasema ulikuja kufanya nini hapa. Ni miaka 14."

Yule mwizi alikuwa anaijua sheria, Waheshimiwa. Hilo ndilo lililonifanya nikae niisome na mimi.

Polisi tulikwenda hata hivyo, asubuhi yake, mimi na yeye. Tukakaa kwenye benchi mpaka tukaitwa. Askari wa zamu alifungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, akaandika tarehe, akaandika jina, akauliza kilichotokea. Mdogo wangu akaanza kueleza. Alipofika kwenye mlango kufunguliwa, askari aliinua uso: "Na nyinyi wawili mle ndani mlikuwa mnafanya nini?" Mdogo wangu akanyamaza. Askari akaweka kalamu katikati ya kitabu, akakifunga kalamu ikiwa ndani, akatuambia tukayamalize wenyewe. Namba ya OB hatukupewa. Tangu siku hiyo kila tarehe 28 huja ujumbe kwenye simu yake: "Mwisho wa mwezi, kaka." Amelipa mara saba. Ameuza mtungi wake wa gesi na vifaa vya kulehemu, kwa hiyo hata kazi ya kupata hizo pesa za kuwalipa sasa anaifanya kwa vifaa vya kuazima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sheria hii inatetewa kwa jina la mila zetu, na si yetu.

Maneno "kumwingilia mtu kinyume cha maumbile" yaliandikwa na Waingereza kwa ajili ya India. Ni kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Mwaka 1897 Waingereza walianza kuitumia sheria hiyo ya India katika himaya yao ya Afrika Mashariki, pamoja na huku kwetu Mwambao, ambako miaka miwili tu nyuma walikuwa wamepewa na Sultani wa Unguja ule ukanda wa maili kumi wausimamie. Mwaka 1930 wakaleta kanuni mpya iliyofuata mfano wa Queensland, Australia, na ndiyo tuliyo nayo. Kifungu cha 165, cha "vitendo vya aibu" baina ya wanaume "hadharani au faraghani", kimetokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1885. Uingereza yenyewe iliacha kuwafunga wanaume wazima kwa wanayoyafanya faraghani kuanzia mwaka 1967. India ikakiondolea nguvu kifungu chake cha 377 mwaka 2018, kwa uamuzi wa mahakama yake ya juu kabisa. Waliotunga wameacha, waliotungiwa kwanza wameacha, sisi tuliopelekewa baadaye tumebaki tumekishika. Mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru, Bunge lilikifanyia marekebisho kifungu cha 162 na kukiacha na kifungo cha miaka 14, na 21 pasipo ridhaa.

Mtu wa Mwambao hahitaji kitabu kujua kwamba watu hawa walikuwepo. Neno lenyewe "shoga" lilikuwa letu wanawake, na kwa wazee bado ni letu: shoga yangu ni rafiki yangu wa kike, niliyekula naye na kumpa siri zangu. Bibi yangu alikuwa na shoga yake, na alikuwa pia na jirani mwanamume ambaye hakuna harusi ya mtaani iliyofanyika bila yeye. Ndiye aliyesimamia masufuria ya pilau, ndiye aliyefunga vikuba, na vidole vyake vilikuwa vinanukia asumini na rehani hadi kesho yake. Alijifunga leso kiunoni na kucheza vugo pamoja na akina mama. Kila mtu alimjua alivyo. Walimsema, ndiyo, na wengine walimcheka, na watoto wengine walimrushia maneno. Lakini alipougua, zamu ya kumpikia uji ilipangwa nyumba kwa nyumba, na alipokufa jeneza lake lilibebwa na mtaa mzima. Sikumbuki hata siku moja mtu kusema aitiwe polisi.

Bara nako mila zilikuwa na nafasi zake. Mwaka 2011, papa hapa Mombasa, Mahakama Kuu ilitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kwa mila ya Wanandi katika kesi ya urithi. Sisemi zile ni ndoa za mapenzi ya kimwili. Wenyewe hueleza kuwa ni za kumpatia mrithi mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walijua kuishi na mambo yasiyolingana na kitabu cha Queensland.

2. Sheria hii inamlinda mhalifu dhidi ya aliyemtendea uhalifu.

Kudai mali kwa vitisho ni kosa katika kanuni ileile ya adhabu. Kuiba ni kosa. Kupiga ni kosa. Mdogo wangu alitendewa yote matatu usiku mmoja. Kilichomzuia kupata haki ni kwamba ili aeleze alivyoibiwa, lazima kwanza aeleze alikuwa chumbani kwa nani na kwa nini, na maelezo hayo yanatosha kumtia yeye ndani. Nimeambiwa mara nyingi, hata na wakili mmoja mwenye nia njema, nisijali kwa kuwa "hakuna anayefungwa kwa kifungu hicho siku hizi". Wale watu wanne hawahitaji afungwe. Wanahitaji aogope, na sheria ikiwa kitabuni tu inatosha kumwogopesha. Mwenye nyumba anaitumia kumtoa mpangaji bila notisi. Askari asiye mwaminifu anaitumia kwenye kizuizi cha barabarani. Ndugu wa ukoo wanaitumia kwenye ugomvi wa shamba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama kortini na kuithibitisha.

Mnakumbuka Januari 2023, mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki za watu hawa, ulipopatikana ndani ya sanduku la bati kando ya barabara huko Uasin Gishu. Desemba 2024 mahakama ya Eldoret ilimhukumu aliyemuua miaka 50. Nashukuru haki ile ilitendeka. Lakini Chiloba aliipata akiwa maiti, na mimi naomba ya mdogo wangu angali hai.

3. Mwili wa mtu uliwahi kugeuzwa ushahidi, kwa amri ya korti.

Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, upande wa Ukunda. Walipelekwa hospitali ya serikali Mombasa, wakachunguzwa sehemu zao za siri za nyuma kwa nguvu, na wakapimwa virusi vya UKIMWI bila hiari yao. Walipolalamika, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema ni sawa. Ikabidi wasubiri hadi Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufaa, ikikaa Mombasa, iseme kwamba uchunguzi ule ulivunja haki zao za kikatiba. Chama cha madaktari nchini kilikuwa kimekwisha kuukataa mwaka 2017. Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni kupima miili ya watu kwa futi, na hata kwa kazi hiyo ndogo siwezi kumgusa mtu kiunoni bila kumwambia "samahani". Uchunguzi wa namna ile hauthibitishi lolote kitabibu. Ulifanyika kwa sababu kifungu cha 162 kinadai tendo lithibitishwe, na tendo la faragha la watu wawili wazima waliokubaliana halina mlalamikaji wala shahidi.

4. Mahakama zimesema maneno mawili, na Bunge halijayanyoosha.

Mwaka 2013 bodi ya serikali inayosajili mashirika ilikataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kisa jina lake. Kesi ikaamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2015, ikaamuliwa na ya Rufaa mwaka 2019, ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu kati ya watano walisema kwamba kuwanyima watu hawa haki ya kujumuika kwa sababu ya mapenzi yao ni ubaguzi unaokatazwa na kifungu cha 27 cha Katiba. Lakini tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wamekataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165, wakisema kuvifuta kungefungua mlango wa ndoa ambazo kifungu cha 45(2) cha Katiba hakizitambui. Basi mdogo wangu leo anaruhusiwa kuwa mwanachama wa shirika lililosajiliwa linalomtetea, na anaweza kufungwa miaka 14 kwa jambo lilelile linalomfanya ahitaji kutetewa. Nchi hiyohiyo imewapokea na kuwaandikisha wakimbizi waliokimbia Uganda kwa sababu hii hasa, kisha inawaweka chini ya vifungu hivi. Anayetakiwa kulinyoosha hili ni mtunga sheria.

5. Afya. Serikali yenyewe, katika mipango yake ya kupambana na UKIMWI, inawahesabu wanaume hawa kuwa miongoni mwa watu wa kufikiwa kwanza. Februari 2010 umati ulizingira kliniki ya KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kule Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili ambayo haikuwepo. Watu walipigwa, na huduma zikafungwa. Mtu anayeogopa kuonekana mlangoni pa kliniki hapati dawa, na mkewe, maana wengi wameozwa, naye hapati.

6. Mswada wa Ulinzi wa Familia wa mwaka 2023, uliotungwa na Mheshimiwa Mbunge wa Homa Bay Mjini, unataka kifungo kisichopungua miaka 10 na, kwa baadhi ya makosa, kifo. Uganda ilipitisha sheria yake mwezi Mei mwaka huohuo. Waheshimiwa, kama kwa tishio la miaka 14 wale wanne wanachukua pesa kila mwisho wa mwezi, hebu fikirini watadai kiasi gani wakiwa na kitanzi mkononi.

Majibu mtakayonipa nimeshayasikia, mengine kutoka kwa mjomba wangu mwenyewe.

Mtasema dini. Mimi ni Mwislamu, naswali, na sijaandika hapa kubishana na mashekhe kuhusu dhambi. Dhambi ina mwenyewe wa kuihukumu. Lakini dini ileile, katika Suratul Hujurat, aya ya 12, inatuambia "wala msipelelezane". Fiqhi imeweka mashahidi wanne kwa zinaa, na asiyewaleta ndiye anayeadhibiwa kwa kumsingizia mtu. Sheria ya Mwingereza haikuchukua hata moja katika tahadhari hizo. Katiba ya 2010 imewapa makadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Haikuwapa polisi kazi ya makadhi, wala Bunge kazi ya Mungu. Zinaa nayo ni dhambi kubwa, na hakuna mbunge aliyeleta mswada wa kuwafunga wazinzi miaka 14.

Mtasema watoto. Hapa naomba mnisikilize kama mama. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inamlinda mtoto wa kiume na wa kike sawasawa, na inamlinda mtu mzima yeyote asiyeridhia. Ukiondoa kifungu cha 162(a), 162(c) na 165, anayemnajisi mtoto bado anafungwa, tena kwa sheria kali zaidi na iliyo wazi zaidi. Kifungu cha 162(b), cha wanyama, sijakigusa.

Mtasema ndoa. Siombi ndoa. Kifungu cha 45(2) kiacheni kama kilivyo. Msumbiji iliondoa adhabu hii mwaka 2015, Botswana kwa mahakama mwaka 2019, Angola kwa kanuni mpya iliyoanza kutumika mwaka 2021, Mauritius mwaka 2023, na hakuna hata moja kati yao iliyoamka kesho yake ikiwa imehalalisha ndoa hizo. Rwanda na Kongo, majirani zetu wa Afrika Mashariki, hawajapata kuwa nayo kabisa, na familia zao zipo.

Mtasema hili si suala kwa Wakenya, kama alivyosema Rais Uhuru Kenyatta Julai 2015 akiwa amesimama na mgeni wake kutoka Marekani. Kwangu mimi limekuwa suala kila tarehe 28.

Na wako watakaosema haya yote yameletwa na wazungu na pesa zao. Hakuna mzungu aliyenilipa. Karatasi hizi nimenunua kwa pesa ya mshono wa dera.

Basi ninayoomba ni haya, na nimeyafanya machache kusudi yawezekane:

Kwanza, Mwanasheria Mkuu alete Bungeni mswada wa kufuta kifungu cha 162(a), 162(c) na 165, na kifungu cha 163, kinachoadhibu kujaribu makosa ya 162, kwa kadiri kinavyohusu (a) na (c).

Pili, wakati mswada huo ukisubiriwa, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Inspekta Jenerali wa Polisi watoe maelekezo ya maandishi kwa vituo vyote: anayekuja kuripoti wizi, kipigo au vitisho apewe namba ya OB na asiulizwe analala na nani, na maelezo yake yasitumiwe kumshtaki yeye. Hili halihitaji Bunge. Linahitaji barua ya ukurasa mmoja.

Tatu, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2018 upelekwe kwa maandishi katika kila hospitali ya kaunti na kila korti ya hakimu, ili asitokee tena daktari wa kusema hakuujua.

Nne, mswada wa 2023 usipitishwe. Na ukisomwa, wabunge wa Pwani msijifiche. Mwaka 2023 nilisimama nje ya duka langu nikaangalia maandamano ya kupinga uamuzi wa Mahakama ya Juu yakipita Mombasa, na mdogo wangu alikuwa ndani nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ameshika kichwa. Yeye naye ni mpiga kura wenu.

Tano, nijibiwe barua zangu tatu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari. Ombi langu ni dogo: kama malalamiko ya mdogo wangu yaliandikwa mahali popote, chini ya namba gani, na ni ofisa gani aliyepewa kuyashughulikia.

Mdogo wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Amenikubalia yote isipokuwa jina lake, na akaniomba niongeze jambo moja: ule ujumbe wa kila mwezi hajaufuta hata mmoja. Jumbe zote ziko kwenye simu, pamoja na namba zilizozituma na namba zilizopokea pesa. Ushahidi upo. Tunasubiri askari wa kuufungulia kitabu.

Ni mimi mwenye kuwaheshimu,

Dada mtu,
Kisauni, Mombasa.

Nakala kwa:
Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma
Inspekta Jenerali wa Polisi
Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya